Fundi wa Vibao katika Nyumba ya Saio

Kabla ya kukusalimia, alisoma nguo zako. Ukiwa umevaa fulana yenye maandishi, macho yake yalikwenda kifuani kwanza, yakatembea kutoka herufi moja hadi nyingine, ndipo yakapanda usoni. Wanawake wasiomjua walikasirika. Mimi mwenyewe, siku ya kwanza tulipokutana kwenye lango la nyumba ya wasanii mtaani Saio, Bunia, nilijifunika kwa begi langu. Akashtuka, akaweka mkono kichwani.

"Unisamehe, mama. Naangalia ile G. Imenenepa mbele, nyuma haina kitu. Ni mashini ilifanya vile. Mutu hawezi."

Hivyo ndivyo nilivyomjua fundi wa vibao. Kwa miaka mingi alikuwa ameandika majina ya maduka, saluni, famasi, makanisa na gereji za Bunia na za vijiji vya barabarani, kwenye vile vibao ambavyo sisi tunaviita plake. Ukiuliza mjini ni nani aliyeandika hiki au kile, watu walijibu, "Si ni Muzee Fundi," na hakuna aliyeona haja ya kuongeza jina. Mimi nilimwita Muzee. Yeye aliniita mama, ingawa umri wangu ulikuwa wa binti yake, kama ilivyo heshima ya kwetu.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya shirika dogo la wasanii: vyumba viwili vya kulala, ukumbi mkubwa wa kufanyia kazi, na ua wenye robine moja iliyotoa maji ilipotaka. Kila mwaka waliwaalika wasanii wawili wakae pale miezi sita, wale, walale, wafanye kazi yao bila kuhangaikia kitu kingine, na mwishoni waonyeshe walichopata. Hiyo ndiyo waliyoiita rezidansi. Mimi nilitoka Aru, ambako nilikuwa nafundisha kuchora shuleni na kuchora sura za watu kutoka kwenye picha walizoniletea. Niliandika maombi mara tatu kabla ya kukubaliwa. Yeye hakuandika maombi yoyote. Alikuja kupaka jina la nyumba kwenye lango, na direktrisi wetu, mkuu wa nyumba, mwanamke aliyependa makaratasi lakini mwenye jicho, alisimama nyuma yake asubuhi nzima akimtazama anavyovuta mstari bila rula. Msanii wa pili wa mwaka huo alikuwa ameugua, chumba chake kiko wazi. Fundi alipokuwa anasafisha burashi, direktrisi akamuuliza kama angependa kukaa.

"Kukaa nifanye nini?"

"Kazi yako, Muzee."

"Nani ameiagiza?"

"Hakuna mutu ameiagiza. Njo maana yake."

Aliniambia baadaye kwamba jibu hilo, kwamba hiyo ndiyo maana yake, lilimsumbua juma zima. Maishani mwake hakuwahi kuchovya burashi katika rangi bila mtu kumwambia aandike nini. Alikubali kwa sababu moja tu: alitaka kuona mkono wake ungefanya nini ukiachwa peke yake.

Alikuwa mtu wa kuuliza, kuliko watu wote niliowahi kuishi nao. Alimuuliza mwuza jibini wa sokoni ni nani alimwambia kwamba jibini limeiva, pua au kidole. Alimuuliza fundi wa pikipiki kwa nini mpya zinalia kwa sauti nyembamba kuliko za zamani. Hakuuliza kwa adabu tu. Alisubiri jibu, na jibu likiwa la haraka aliliuliza tena. Siku moja alisimama nyuma yangu nilipokuwa nahangaika na sura ya mama yangu, picha niliyokuwa nimeianza na kuiacha mara nyingi.

"Mama, macho mawili ya mutu, iko na umri moja?"

Nilicheka. Halafu nikachukua ile picha ndogo ya mama nikaisogeza dirishani. Jicho la kushoto lilikuwa limezeeka zaidi. Lilikuwa limechoka, limeingia ndani, wakati la kulia bado lilikuwa la msichana anayetaka kwenda mahali. Kwa miaka nilikuwa nachora jicho moja mara mbili. Kazi yote niliyofanya miezi ile, na nyingi niliyofanya baadaye, ilitoka katika swali hilo, na yeye aliyeuliza alikuwa ameshaondoka kwenda kutafuta chai.

Sitaki mtu afikiri alikuwa mwalimu mpole. Alikuwa na hasira ya ghafla, hasa mtu akigusa burashi zake. Alidai mistari iliyonyooka, lakini yeye mwenyewe hakuwahi kufika mahali kwa saa aliyoahidi. Alijua sura ya kila herufi, lakini ukurasa mmoja wa gazeti ulimchukua nusu siku, kwa sababu aliziangalia herufi na kusahau maneno. Aliimba besi katika kwaya ya kanisa lake, na maandishi juu ya mlango wa msikiti mmoja mjini ni yake pia: alikaa majuma mawili na mwalimu wa madrasa akijifunza kuvuta Kiarabu kutoka kulia, akarudi akisema kwamba zile ndizo herufi zinazojua kutembea. Na ingawa mabashi, yale maturubai ya plastiki yanayochapwa kwa mashine, yalikuwa yamemnyang'anya wateja karibu wote, nilimkuta mara mbili ndani ya duka la kuchapa, amekaa kwenye kiti cha mteja, anaitazama mashine inavyotema jina la mtu.

"Unaipenda?" nilimuuliza.

"Naichukia. Lakini nataka kujua inaanzia herufi gani. Unajua haianzie na herufi? Inaanzia na pembe ya juu, kama mutu anafagia."

Miezi miwili ya kwanza hakupaka kitu. Asubuhi alikunywa chai, akavaa kofia, akatoka. Alirudi mchana, akala, akalala. Direktrisi alianza kupita ukumbini akitazama ukuta mtupu wa upande wake, kisha akinitazama mimi. Ilibidi aandike ripoti kwa watu waliotoa msaada, na katika ripoti ilitakiwa picha ya kazi inayoendelea.

"Umuulize," aliniambia. "Weye anakusikiaka."

Badala ya kumuuliza nilimfuata. Hakukataa, alipunguza tu mwendo. Tulishuka hadi barabara kubwa, tukapita soko, na kila tulipofika kwenye kibao alichokiandika yeye alisimama na kuweka kiganja chake juu ya bati, kama anavyopimwa mtoto homa.

"Nyekundu inakufa ya kwanza," alisema. "Njano inaifuata. Bluu ni mubishi. Nyeusi haiogope jua, lakini mvua inaichosha."

Basi hiyo ndiyo kazi aliyokuwa akifanya miezi miwili: kuangalia kazi yake ya zamani imefanyiwa nini na hali ya hewa. Hakuwahi kupata nafasi ya kurudi nyuma na kuitazama.

Tulifika kwenye saluni moja ambayo sasa ilikuwa na bashi jipya, lenye picha ya mwanamume wa ng'ambo mwenye nywele zinazong'aa. Kinyozi alipomwona fundi alitoka nje akijifuta mikono ambayo haikuwa na maji.

"Muzee, unisamehe, ni mutoto wangu alileta hii..."

"Ile yangu iko wapi?"

Kinyozi akainamisha kichwa. Kibao cha zamani kilikuwa mlango wa banda la kuku, nyuma ya nyumba. Nilidhani fundi ataudhika. Akaomba kupelekwa, akapiga magoti kwenye mavi ya kuku, akafuta vumbi kwa mkono wa shati, akaanza kucheka.

"Mama, kuja uone! Hapa jua haikufika. Angalia nyekundu yangu!"

Kweli, ilikuwa hai kama pilipili.

Ilikuwa njiani kurudi, siku hiyohiyo, ndipo tulipompata Mama Furaha, au yeye alipotupata. Alikuwa anauza mandazi kando ya barabara, karibu na kambi ya watu waliokimbia vita kutoka Djugu. Alimtazama fundi muda mrefu, mwiko mkononi.

"Muzee, si ni weye uliandikaka plake ya butike yangu?" Akataja kijiji alikokuwa na duka lake.

Fundi alifumba macho. "Kijani. Maandishi meupe."

"Njo ile."

"Inaendelea?"

Mama Furaha aligeuza mandazi yote, moja baada ya jingine, kabla ya kujibu. "Butike iliungua. Plake, nyumba, yote. Siye tulitoka na nguo za mwilini." Kisha, kana kwamba ameona aibu kwa anachotaka kusema: "Unaweza kuniandikia tena?"

"Utaitundika wapi, mama?"

"Sina pa kutundika. Tunalala ndani ya bashi. Nataka kuiona tu."

Jioni ile fundi hakulala baada ya chakula. Alitafuta bati, akalinyoosha kwa nyundo, akalipiga msasa uani mpaka direktrisi akafungua dirisha la ofisi yake na kulifunga tena akitabasamu. Siku nne alikuwa juu ya bati lile. CHEZ MAMA FURAHA, yaani kwa Mama Furaha, na chini yake, kwa herufi ndogo, CHUMVI, SABUNI, SUKARI. Sijawahi kuona herufi nzuri kama zile, na nilimwambia hivyo. Alijua. Alizunguka ukumbini akiimba besi.

Mama Furaha alikuja na kigoda chake mwenyewe. Akakaa mbele ya kibao, akakiangalia toka juu mpaka chini.

"Ni muzuri sana, Muzee," alisema. "Lakini si yangu."

Nilimwona fundi akishika ukingo wa meza. "Inakosa nini?"

"Yangu, R ilikuwa inalala. Ilikuwa inaegemea A. Kila asubuhi nikifungua butike naiangalia, nacheka: angalia, R imechoka kabla yangu."

Fundi alitoka nje. Nilimkuta robineni ananawa uso ambao ulikuwa safi. Akanieleza. Siku aliyoandika kibao kile alikuwa na malaria. Aliivuta ile R jua likiwa kichwani, akaona kosa alipokuwa tayari ameketi nyuma ya pikipiki ya kurudi Bunia, na hakurudi. Tangu siku hiyo, akialikwa kazi upande ule, alitafuta sababu ya kukataa, asije akapita mbele ya butike ile. Miaka yote hiyo alikuwa amebeba aibu ya kitu kilichomchekesha mwenye butike kila asubuhi.

"Na sasa anataka nikose tena, kwa kupenda," alisema. "Mukono itakatala."

Ulikataa kweli. R ya kwanza aliyoilaza ilikuwa ya kujifanya. Mama Furaha alitikisa kichwa. Ya pili ilikuwa imelewa. Ya tatu alisema ni R ya mtu mwingine. Mwishowe alisogeza kigoda mpaka begani kwa fundi, akaanza kumwelekeza, polepole, macho yake yakiwa hayatazami bati bali ukuta wa juu, kama vile kibao cha zamani kilikuwa pale.

"Shusha. Bado. Tumbo lake iwe kidogo. Sasa muguu iende mbele, kama mutu anatafuta kiti. Hapo. Hapo, Muzee, toa mukono!"

Akatoa mkono. Mama Furaha aliweka kiganja mdomoni.

"Njo yeye," alisema. Mabega yake yalitikisika, na sikujua kama anacheka au analia mpaka nilipomwona uso: anacheka. Halafu akasogeza kigoda mbele ya kibao, na sisi wawili tukatoka tukamwachia ukumbi.

Baada ya hapo walikuja wengine kutoka kambini. Fundi wa cherehani, mwenye mashine ya kusaga, mwalimu aliyetaka kibao cha shule yake ya msingi. Kila mmoja alikuja na rangi kichwani na kosa lake: hapa nafasi ilikuwa imekwisha na herufi ya mwisho ikaminywa, hapa mvua ilikuwa imekula S. Wengine kibao chao hakikuandikwa na yeye. Aliwauliza mpaka akaujua mkono wa fundi mwenzake na kuuiga. Ukuta wake ukajaa.

Direktrisi alitaka karatasi ya maelezo, ile inayoitwa demarshi, ambamo msanii anaeleza kazi yake ni nini, ili aitume kwenye nyumba nyingine za wasanii. Fundi alinipa mimi niandike. Niliandika Kifaransa kizito, chenye kumbukumbu na ardhi na majeraha, nikamsomea kwa sauti na kumtafsiria. Alisikiliza hadi mwisho.

"Huyu mutu unaandika, namuheshimu," alisema. "Lakini simujue."

"Basi sema weye, Muzee."

Akafikiri. "Andika hivi. Batu wananiambia plake yao ilikuwa namna gani, miye naandika. Nikikosea, wananirudisha. Ya kwangu mwenyewe sijaipata, naendelea kutafuta."

Direktrisi hakuongeza hata nukta. Karatasi hiyo fupi ndiyo iliyomletea baadaye mwaliko wa kwenda kufanya kazi Kampala.

Siku ya maonyesho watu walijaa hadi barabarani. Mimi nilitundika sura tano za mama yangu, kila moja na macho yake mawili ya umri tofauti, na kwa mara ya kwanza watu walisimama mbele ya kazi yangu. Lakini umati ulikuwa upande wake. Watu wa kambini walikuwa wanasomeana vibao kwa sauti, wakikosoana na kukumbushana ni nani alikaa jirani na nani. Katikati ya zogo hilo mgeni mmoja kutoka Kinshasa, aliyekuwa akikusanya kazi kwa ajili ya jumba la maonyesho, alimwendea fundi na kusema anataka kununua kibao cha Mama Furaha.

Fundi akakunja mikono kifuani. "Ile si ya kuuza. Na kama ni ya kuuza, si ya kwangu. Muulize mwenyewe." Alisema kwa sauti kubwa, kwa kuwa alikuwa na hakika ya jibu.

Mama Furaha, aliyekuwa amevaa kitenge chake kizuri, alimuuliza mgeni kibao kingewekwa wapi.

"Ukutani, ndani ya nyumba kubwa. Watu watakuja kukiangalia."

"Ndani? Hakitanyeshewa?"

"Hakitanyeshewa, mama."

"Basi chukua."

"Mama!" fundi alipaza sauti. "Ni butike yako!"

"Muzee," alisema Mama Furaha, bila ukali, "butike yangu ilikuwa ya kuuza vitu. Plake nimeisha kuiona. Unataka niilalie? Miye nataka sufuria kubwa na mifuko ya unga."

Fundi aliingia chumbani kwake na maonyesho yakamalizika bila yeye. Siku tatu alijifungia humo. Direktrisi alimpelekea chai mlangoni, akarudi nayo. Mimi nilimkasirikia kidogo, nikiona anamfanya Mama Furaha aonekane mkosaji kwa kutaka kula. Siku ya nne alikuja ukumbini, akakaa chini ya nafasi tupu ukutani.

"Mama, unajua miye nilikuwa nalilia nini?"

"Sijue, Muzee."

"Nilidhani nalilia butike yake. Hapana. Nalilia ile R. Nilitaka ibakie mahali nitaiona." Akasugua magoti yake. "Kazi zote nimefanya, mutu anachukua, naenda, sigeuke. Hii moja nimegeuka. Njo nimejua ilikuwa ya kwangu pia. Nimeijua siku imetoka."

Jioni alienda kambini kumwomba Mama Furaha msamaha. Alirudi na mandazi na alama ya unga begani, na hakueleza zaidi.

Rezidansi ikaisha. Yeye akaenda Kampala, mimi nikarudi Aru na kazi ambayo sasa ilikuwa na njia yake. Nilisikia habari zake kidogo kidogo: amerudi, ameonyesha kazi mahali fulani, amekataa kuandika bango la mwanasiasa kwa sababu mwanasiasa alitaka herufi zinazopiga kelele. Kisha miaka ikapita bila habari.

Mwaka jana nilishuka Mahagi-Port, kando ya ziwa, kumtembelea shangazi yangu. Asubuhi alinituma ufukweni kununua samaki, na pale, pembeni ya wanawake wanaokausha dagaa, nilimwona ameketi kwenye sanduku, mbele yake ubao mkubwa. Alikuwa amekonda, miwani imefungwa kwa kamba. Tulishikana mikono kwa muda mrefu.

"Muzee, unafanya nini huku?"

"Niko rezidansi."

"Nani amekualika?"

"Nimejialika." Alikuwa amekodi chumba kwa mwanamke mmoja wa dagaa kwa miezi mitatu, na alikuwa amejiwekea sharti: hakuna herufi, hata moja. Maji tu. Alitaka kuyachora maji ya ziwa.

Alinionyesha mbao zote, akiziegemeza moja moja kwenye sanduku. Niliziangalia kwa uangalifu, nikitafuta neno. Maji yake yalikuwa magumu, yamepangwa mistari kama daftari. Hayakuwa na unyevu wowote.

"Sema ukweli," aliniambia.

"Si nzuri, Muzee."

"Si nzuri kabisa!" Akacheka, meno yaliyobaki yote nje, mpaka wanawake wa dagaa wakageuka. "Wiki sita sasa. Kila siku nakosea namna ingine. Jana nilifikiri ni rangi. Leo naona si rangi, ni ukingo. Maji haina ukingo, mama, na miye tangu utoto natafutaka ukingo. Nitaanzia wapi?"

Nilimwambia sijui, kwa sababu sikujua. Nilikuwa nimechora sura maisha yangu yote na sijawahi kujaribu maji.

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa jibu zuri. Kisha akatoa ubao mtupu nyuma ya sanduku, akachagua burashi mojawapo kati ya zake, akaifuta kwenye suruali na kuniwekea mkononi. Akasogea, nikakaa pembeni yake, na samaki wa shangazi wakasubiri.